Mzee Kesho na Gari la Njano

Wapendwa ndugu, majirani, na mafundi mliofunga karakana zenu asubuhi hii ya Jumamosi kuja kumsindikiza mwenzenu: haya ni maisha ya marehemu, kama yalivyoandikwa na binti yake wa pili, mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye anayewasomea. Ameombwa asizidishe dakika kumi. Atajitahidi, ingawa ni mtoto wa mtu aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mzee Kesho.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa mtumishi wa posta na mkewe, mkunga. Mama yake, aliyezalisha wanawake wa watu kwa mamia, alikuwa akisema huyu wa tano ndiye pekee aliyempotezea hesabu. Alichelewa siku tisa, "na kila nikimsukuma ananiambia kesho." Alipofika miaka kumi aliifungua baiskeli ya kazi ya baba yake, vipande vyote akavipanga juu ya gunia. Baba akagawa barua kwa miguu kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kila jioni akiapa kwamba lazima atamchapa. Ijumaa baiskeli ilirudi kamili, na ile kelele yake ya miaka yote imekwisha. Kipigo kikaahirishwa, na hakikuja tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu Novemba 1970. Ripoti yake ya mwisho ipo hadi leo. Mwalimu wa karakana aliandika, "Kazi safi sana. Haijaisha."

Tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa kuwa fundi katika kampuni ya mabasi, akatumika hapo miaka thelathini na mitano hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2006. Hapa familia ingependa kumtendea haki. Kazini hakuwa Mzee Kesho hata siku moja. Basi likiingia saa kumi na mbili asubuhi likilia, saa nne lilikuwa barabarani na abiria wake. Ile kesho yake aliitunza kwa ajili ya kitu kimoja tu, nacho tunakijia sasa hivi.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980 na fundi cherehani, mama yetu, aliyekaa pale mbele. Gari la kuazima lililombeba bibi harusi lilizima njiani. Bwana harusi akavua koti, akaingia uvunguni mwa gari, na saa moja baadaye aliingia ukumbini akiwa na grisi kwenye sikio la kushoto. Picha zote za harusi zilipigwa upande wa kulia. Usiku ule bibi harusi hakulia wala hakununa. Alisema tu, "Mume wangu, siku moja nipeleke kwa mama na kunirudisha kwa gari lisilozima. Mara moja tu, nami nitanyamaza." Naye akamwahidi.

Mwaka 1984, nyuma ya ghala la mbao, marehemu aliona gari la Kijapani la michezo, toleo la mwaka 1971, lenye milango miwili, viti viwili na boneti ndefu kuliko busara. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Alilivuta kwa kamba hadi nyumbani, na mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kumtembelea bintiye, akasimama mlangoni akashika kiuno. "Jamani, mkwe wangu amenunua banda la kuku, na bado halina mlango wa kufunga." Alipoulizwa lini litatembea, akajibu neno lile lililokuja kuwa jina lake.

Mafundi mnajua, lakini wengine hawajui, kwamba kulifufua gari kama lile ni kupigana na kutu, na kutu halilali. Sakafu yote ilikuwa imeliwa. Rafiki yake, fundi wa kuchomelea, aliyebeba jeneza leo upande wa kushoto, alimshauri apige puti, ule udongo laini wa kuzibia matundu, apake rangi, nani atachungulia chini? Marehemu alikataa katakata. "Puti ni uongo uliokauka," alisema. "Ukitikisika kidogo unaanguka, na kutu liko palepale linakucheka." Penye tundu alikata hadi akafika kwenye bati zima, akachomelea bati jipya. Kazi hiyo ya sakafu peke yake ilichukua miaka minane. Kipuri kimoja cha karabureta kilingojewa miaka minne, na kilipofika kilikuwa cha upande mwingine. Rangi ya njano ilipigwa mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza mdudu alitua kabla haijakauka, na marehemu hakuwa mtu wa kumwachia mdudu. Mkewe alishona viti, akavishona tena panya walipovila, na mwaka 2015 akavishona mara ya tatu. Mama mkwe alifariki mwaka 2003 bila kuliona likitembea. Safari ikabadilishwa: sasa ingekuwa hadi kaburini kwake na kurudi.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hawakusema kama mbivu yenyewe inaweza kuozea mtini.

Mwishoni mwa mwaka 2022 injini ilikuwa imekwisha kufungwa upya, pistoni na ringi mpya, kila kitu. Zilibaki gasketi za karabureta, vile vipande vya kuzuia mvujo, ambazo ziliagizwa mbali. Injini iliyofungwa upya haipendi kukaa bila kazi, kwa hiyo marehemu alitoa plagi, akaziba matundu yake kwa vitambaa vyenye mafuta, na kila Jumamosi aliizungusha kwa mkono, spana ndefu kwenye boliti kubwa ya mbele, robo mzunguko, ili ringi zisishikane na kuta za silinda. Robo tu. Ilimchukua nusu dakika, lakini alikaa ndani ya banda la gari asubuhi nzima, na redio yake, na mkewe akimletea chai.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Marehemu aliyaficha maumivu ya tumbo mwaka mzima, akisema ni kuinamia injini. Tarehe 17 Juni 2023 alilazwa hospitali, na ikajulikana kuwa ni saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Akiwa kitandani alimwita binti yake wa pili, akampa funguo za banda na agizo moja.

"Kila Jumamosi, robo mzunguko. Basi. Usiguse kingine."

"Nikiona kutu, baba?"

"Ukiona kutu, lisalimie, ulipite."

Binti alikwenda Jumamosi kumi na moja mfululizo, hakukosa hata moja. Gasketi nazo zikafika, zikawekwa juu ya dashibodi ndani ya bahasha yake. Daktari akasema mgonjwa anaruhusiwa kurudi nyumbani, si kwa kuwa amepona, ila kwa kuwa hakuna zaidi cha kufanya. Sote tulilielewa neno hilo. Lakini mtu akikosa tumaini kubwa hushika dogo, na letu lilikuwa la njano. Fundi wa kuchomelea alipiga hesabu: gasketi siku moja, plagi na mafuta siku ya pili, siku ya tatu mzee anamkalisha mama yetu kitini.

Hapa wasifu wa kawaida ungesema marehemu alirudi nyumbani, hali ikabadilika, Mungu akampenda zaidi. Familia ilimtaka msomaji huyu aandike hivyo hivyo, na karatasi mliyonayo mkononi inasema hivyo. Lakini marehemu hakupenda puti.

Ijumaa, tarehe 1 Septemba 2023, siku moja kabla baba yake hajarudi, binti wa pili alitaka mzee alikute gari liking'aa. Aliosha bodi. Akafungua boneti, akaona vumbi na mafuta. Vitambaa vile vilikuwa vyeusi, vinatia aibu, akavichomoa, akavifua kwa sabuni, akavianika. Kisha akaiosha injini kwa mpira wa maji, kwa bidii, kila pembe, matundu yakiwa wazi. Akaifuta ikapendeza. Vitambaa vilipokauka akavirudisha mahali pake, vyeupe kama shuka za hospitali, akafunga boneti akaenda nyumbani kwake akiimba. Fundi yeyote kati yenu hapa ameshaelewa. Maji yalikuwa ndani ya silinda, na maji ni chakula cha kutu.

Marehemu alirudi Jumamosi, akalala wiki saba bila nguvu ya kufika hata mlangoni. Binti aliona kazi yake imekwisha, maana mwenye gari amerudi, hesabu ya siku tatu ikamngoja mzee apate nguvu, na hakuna aliyegusa spana.

Jumamosi, tarehe 21 Oktoba, marehemu aliamka, akaomba suruali yake ya kazi. Ilimpwaya ikabidi afungwe kamba. Alitembea hadi bandani akimshika mkewe bega, binti nyuma na kiti. Akaweka spana kwenye boliti, akavuta. Akapumzika, akavuta tena. Akamwambia binti avute. Binti alivuta kwa uzito wake wote na haikusogea hata unywele.

Marehemu aliinama, akatoa kitambaa kimoja, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Nani amefua vitambaa vyangu?"

Binti alifungua mdomo. Anaapa mbele ya jeneza hili kwamba aliufungua. Lakini mama yake alikuwa mwepesi zaidi.

"Ni mimi, baba watoto. Niliviona vichafu. Nikaosha na injini."

Marehemu alikikunja kitambaa, akakirudisha tunduni. Hakugomba. Fundi wa kuchomelea alipoitwa alisema injini imekamata, kutu limezishika ringi, lakini ikifunguliwa yote, ikilowekwa mafuta, miezi mitatu minne itakuwa sawa, mzee, usijali. Marehemu akamtania, "Leo wewe ndiye unaniambia kesho?" Wakacheka wote wawili. Kisha akaomba arudishwe ndani, na bandani hakukanyaga tena.

Jikoni mama alimkamata binti mkono. "Nyamaza. Mimi amenizoea, miaka arobaini na mitatu ameshanisamehe makubwa kuliko haya. Wewe ni kipenzi chake, abaki nacho." Binti alikuwa na miaka thelathini na tisa na alinyamaza kama mtoto, kwa kuwa ilikuwa nafuu kwake. Hilo ndilo neno lake, nafuu.

Mama hakukosea kuhusu kusamehe. Alikosea jingine. Mwezi Desemba, akiwa ameegemea mito kibarazani, marehemu alimwambia binti yake kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mama yako anajua injini haioshwi hivyo. Amekaa nami bandani tangu wewe hujazaliwa." Akautengeneza mto mgongoni. "Alichoka. Ana haki. Nilimchosha kwa kesho zangu. Ila sikujua kwamba alichoka kiasi hicho, hata alimalize gari."

Binti akasema, "Hapana, baba, hakuchoka."

"Ulimuuliza?"

Alikuwa amefunguliwa mlango wazi kabisa. Akajibu kwamba uji unapoa.

Tangu siku ile marehemu alimshukuru mkewe kwa kila kitu, kwa maji, kwa dawa, kwa mto, kwa adabu anayofanyiwa mgeni. Hakumwita tena kwa lile jina lao la utani ambalo watoto hatukuruhusiwa kulitumia. Mama aliona, na hakujua sababu. Alidhani ni ugonjwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii imefika hadi hapa makaburini.

Alifariki Jumanne, tarehe 30 Januari 2024, saa nne asubuhi, chumbani kwake, mkewe akiwa ameshika miguu yake iliyokuwa baridi. Neno lake la mwisho kwake lilikuwa "Asante, mama." Tangu tarehe 21 Oktoba hadi siku hiyo ni siku mia moja na moja. Mwalimu wa hesabu amezihesabu. Katika kila moja sentensi ya maneno matatu ingetosha, "Niliosha mimi, baba."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na gari moja la njano lenye bahasha ya gasketi juu ya dashibodi. Mjane anayasikia haya ya Desemba kwa mara ya kwanza pamoja nanyi, na binti yake anamwomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa faraghani alishindwa.

Jambo la mwisho. Alhamisi, akitafuta shuka kabatini, binti alikuta sanduku la viatu vya kike vya kahawia, visigino vifupi, karatasi bado ndani. Risiti ni ya mwaka 1985. Mama akaeleza kwamba ni viatu vya kupandia gari. Alivinunua mwaka mmoja baada ya gari kuvutwa nyumbani, akavificha ili mumewe asidhani anaharakishwa. Kila mwaka alivitoa, akavipaka dawa, akavirudisha. Mara ya mwisho ilikuwa Agosti, mgonjwa akiwa hospitalini. Leo amevivaa. Mkimwona anatembea polepole kwenda kaburini msidhani ni uzee tu. Gundi imekauka na soli zinaachia.

Mungu ampokee, ampe pumziko la amani, na Yeye amwambie kwamba mkewe hakuchoka, kwa kuwa sisi tumechelewa.