Upinde wa Kilo Thelathini na Mbili: Wasifu wa Mzee Filemon Aikaeli Nkya (1938–2003)

Wasifu huu umesimuliwa na mjane wa marehemu, Mama Eunike, na kuandikwa na binti yao mkubwa, Elifuraha, anayeusoma mbele yenu. Mama ameagiza usomwe wote, hata pale ambapo marehemu angependa parukwe.

Marehemu Filemon alizaliwa Lukani, Masama, tarehe 14 Machi 1938, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Aikaeli Nkya na Mama Elisifa. Alibatizwa mwaka huo huo, akapata kipaimara mwaka 1953. Ukaidi, kwa maelezo ya kaka yake Efraimu, alizaliwa nao, hakuna aliyemfundisha.

Alianza shule ya misheni kijijini mwaka 1947, akamaliza darasa la nane katika shule ya kati mwaka 1955. Walimu walimsifu kwa hesabu na mwandiko mzuri. Walimlaumu kwa jambo moja tu: watoto wakitumwa kuteka maji ndoo moja moja, Filemon alibeba mbili, akafika na nusu huku na nusu huku, na hakukubali kamwe kwamba hiyo ilikuwa ndoo moja.

Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha msingi cha ushirika kuwa karani wa mizani ya kahawa. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na tisa. Kila gunia lililoning'inizwa kwenye ndoana alilitolea kilo moja ya gunia lenyewe, si zaidi wala pungufu, awe mkulima ni mchungaji au mlevi. Soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakapanda mlimani na mizani yao mwaka 1994, watu waliendelea kupitia kwake kwanza, wajue wana nini kabla ya kuambiwa na mwingine. Alistaafu mwaka 1997.

Tarehe 12 Septemba 1964 alifunga ndoa na Eunike Swai wa Machame, na Mungu akawajalia watoto wanne. Mama Eunike anasema alikuwa mume mwema, hakumpiga wala kumtukana, na kwamba katika miaka thelathini na tisa ya ndoa waligombana kwa kitu kimoja. Kitu hicho kilikuwa kimetundikwa ukutani, juu ya kitanda chao.

Mzee Aikaeli alipofariki mwaka 1972 aliacha upinde wake, na neno kwamba utakuwa wa mwanawe atakayeuvuta mpaka kamba iguse taya. Efraimu, mtoto mkubwa, alijaribu mara moja, akauweka chini, akaenda zake kunywa mbege kwa amani. Filemon alihangaika nao miezi mitano hadi kamba ikagusa taya. Tangu hapo ukawa wake, na ndio aliokwenda nao kulinda mahindi ya shamba la tambarare dhidi ya nguruwe pori. Mwaka 1986 aliuning'iniza kwenye mizani ya kahawa, akavuta kamba chini hadi kipimo cha mshale. Mizani ikasoma thelathini na tatu. Akatangaza kilo thelathini na mbili. Efraimu alipouliza kilo moja imekwenda wapi, alijibu kwa mazoea kwamba ametoa gunia.

Kinachomchosha Mama hadi leo ni kwamba marehemu alijua kuchagua upinde kuliko mtu yeyote Masama. Vijana walimfuata na pinde zao, akawapimia, akawaambia wasitafute sifa kwenye uzito. Kipimo chake kilikuwa Sala ya Bwana: vuta, shikilia, anza "Baba yetu." Ukifika kwenye riziki mkono haujatetemeka, upinde ni wako. Ukitetemeka kabla, tafuta mwepesi zaidi, maana mshale wa mkono unaotetemeka hauui nguruwe, unamuudhi tu. Yeye mwenyewe, kwa upinde wa baba yake, alitetemeka kwenye "jina lako litukuzwe." Mama alimwambia hivyo mara nyingi, naye alijibu kwamba huo haukuwa upinde wa kuchagua.

Mwezi Mei 1991, huko tambarare, bega lake la kulia lilichanika akiwa amevuta. Kwa miezi miwili Mama alimfunga vifungo vya shati na kumkatia ndizi kwenye sahani kama mtoto. Daktari alisema akiurudia upinde ule mkono hautamfaa tena, hata kwa jembe. Akaurudia. Mchungaji aliitwa, Efraimu aliitwa, wakapewa chai na hawakupewa jibu.

Basi Mama akaamua. Kuanzia msimu wa kahawa wa 1993, kila marehemu alipokwenda kwenye mizani, aliushusha upinde na kuukwangua kwa kipande cha chupa upande wa ndani, kidogo sana, ili uwe mwepesi kuvuta. Kisha aliupaka masizi na mafuta ili mti mpya usionekane, na unga wa mti akautia jikoni. Alifanya hivyo msimu baada ya msimu, na baada ya kustaafu alisubiri siku za vikao vya ukoo. Bega likapona. Mzee akawa anafunga shati lake mwenyewe, anavuta hadi taya bila kutetemeka, na anawaambia watu kwenye mbege kwamba kuna wanaume wanaoongezeka nguvu uzeeni. Mama aliyasikia hayo, akaendelea kumenya ndizi, kwa hasira ambayo anasema hawezi kuieleza kanisani. Hofu yake ilikuwa moja, kwamba siku moja ataupeleka tena kwenye mizani. Hakuupeleka. Mama alimshukuru Mungu kwa kumpa mume msahaulifu.

Januari 2003 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na hospitali ikaona moyo umepanuka. Alilazwa mara tatu, kisha akaomba kurudi nyumbani. Jumatatu, tarehe 6 Oktoba, alimwita Mama akae kitandani.

"Mama Elifuraha," alisema, "ulikuwa unakwangua sana nusu ya chini ya upinde. Mimi nilikuwa nasawazisha ya juu."

Mama akamuuliza kwa nini amemwacha ajifiche na kipande cha chupa miaka kumi, kama mwizi ndani ya nyumba yake, badala ya kusema neno moja.

"Ningesema ungeacha," alijibu. "Na mimi peke yangu nisingeweza kuanza."

Mama anakiri kwamba alikasirika mchana kutwa. Jioni alimpelekea uji, akamlisha, na wakalala wameshikana mikono. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2003, saa kumi na moja alfajiri.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, Elifuraha, Aikaeli, Priska na Pamela, wajukuu tisa, na kaka yake Efraimu. Upinde utakuwa wa Elifuraha, kama alivyoagiza marehemu mwenyewe.

Bwana ampumzishe Filemon kwa amani. Mama anaomba huko asipewe kitu kizito cha kubeba, hata akisema anaweza.