Hilario Kitwana na Majani Yasiyochomwa

Wafiwa wenzetu, majirani wa Gwata, nanyi mliotembea kutoka Kisarawe tangu jana, ukoo umemtuma Cornel, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, naye anaomba mmvumilie, kwani mahali pengine hapasomeki kwa urahisi.

Marehemu Hilario Kitwana alizaliwa Kisarawe tarehe 9 Machi 1912, mtoto wa kwanza wa mzee Kitwana Shomari na bibi Mwamini, wakulima wa mihogo, akaingia shule ya misheni mwaka 1921, akabatizwa huko mwaka 1924 kwa ridhaa ya baba yake aliyekuwa Mwislamu, akamaliza mwaka 1928 akisifiwa kwa hesabu na kutaniwa kwa ukimya, maana aliweza kukaa na mtu kutwa nzima bila neno, kisha akaaga kama waliozungumza sana.

Tarehe 2 Julai 1931 aliajiriwa hapa Gwata, chini ya bwana mmoja wa serikali aliyetaka kujua moto wa kila mwaka unawafanya nini wadudu. Mbuga iligawanywa mapande matatu, la kwanza likachomwa kila Juni majani yakiwa na unyevu, la pili kila Septemba yakiwa makavu, la tatu halikuguswa, na kazi ya Hilario ilikuwa kutupa chini fremu ya mbao, kupiga magoti na kuhesabu kila kiumbe kilichomo, panzi, buibui, vunjajungu, jongoo, konokono, na kuandika daftarini. Watu walimwita Bwana Panzi, wakimpita njiani wakamuuliza kama panzi hawajambo, naye akijibu kwa dhati kwamba hawajambo, isipokuwa wale wa pande la Septemba.

Aliyoyaona ni haya, kwamba panzi huruka mbele ya moto, ingawa mwewe huwasubiri hukohuko, chungu na mchwa huzama ardhini wakapona, lakini konokono, jongoo na mayai ya vunjajungu yaliyogandishwa kwenye mabua hawana pa kwenda, na ardhi iliyoungua haiwapati tena mpaka watoke jirani, kwenye majani yaliyosalimika, tena kwa mwendo wao wenyewe.

Tarehe 18 Aprili 1936 alimwoa Yosefina, binti wa Zegereni, na tarehe 11 Novemba 1937 walimpata mtoto wao wa pekee, Laurentia.

Mwaka 1940 bwana yule aliitwa vitani, kazi ikafungwa, Hilario akaambiwa aende kwao. Hakwenda. Aliomba kwa wazee pande lile la tatu, wakampa wakidhani atalima, naye akajenga ukingoni mwake na asilime hata tuta moja, akawa anafyeka njia ya kuzuia moto kulizunguka, akisema kwamba moto wa Septemba ukiingia humo siku moja tu, upande wote huu hautakuwa na pa kuazima viumbe. Kila mwaka, tangu Julai mpaka mvua za vuli, hakuondoka. Mama yetu Mwamini alifariki tarehe 21 Septemba 1943, tukamzika mama, Hilario hayupo. Yosefina alimsihi miaka minne wahame kwa ajili ya nyoka, akihofia mtoto, na Agosti 1944 akaondoka na Laurentia kwenda Kisarawe, bila ugomvi, mumewe akimbebea mzigo mpaka kwenye ile njia ya moto, akageukia hapo.

Miaka kumi na moja aliishi peke yake, sahani moja, kikombe kimoja, kiti kimoja, na sisi tuliomtembelea tulimkuta mtu aliyefurahi kutuona na asiyejua furaha hiyo aiweke wapi. Wa kusema naye alikuwa mzee Salehe, jirani yake, ambaye toka mwaka 1950 alikubali kuchoma shamba lake Juni tu. Laurentia alipoolewa tarehe 20 Agosti mwaka huu, baba yake alituma asali na salamu kwamba majani yamekauka, hawezi kuja. Bibi arusi alilia, nasi, tuseme kweli, tulimsengenya sana.

Tarehe 12 Septemba 1955 kifua kilimzidi, akachukuliwa kwa machela mpaka Soga, akapanda treni kwenda hospitali Dar es Salaam, na pumzi haikumtosha kutuagiza lolote. Kama desturi ilivyo, nyumba ya mgonjwa husafishwa ili asirudi porini na wageni wapate pa kukaa, tena tuliamini majani yale ndiyo yaliyomtenga nasi, yakiisha atarudi Kisarawe kwa mkewe, na mgonjwa haulizwi uji, basi hatukumwuliza. Jumamosi tarehe 17 Septemba Cornel alitia kiberiti. Mzee Salehe alifika mbio, moto umekwisha kushika.

Jumapili ya tarehe 25 Cornel alimpelekea habari hospitalini, akijisifu. Marehemu aliuliza kama ni lote, akajibiwa lote, akamshika mdogo wake mkono na kusema ahsanteni kwa kazi, mmechoka.

Alifariki Jumatatu tarehe 3 Oktoba, saa nne asubuhi, akiacha mjane, Yosefina, na binti, Laurentia. Daftari tulilifungua baada ya hapo. Kwa shamba la mzee Salehe, kwenye safu ya konokono, ameandika sifuri mwaka baada ya mwaka, na Mei hii ameandika watatu, hatua sitini kutoka kwenye majani yake, akapiga mstari chini mara mbili. Hakumwambia mtu.

Ukoo unawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wa stesheni ya Soga waliochelewesha treni ili machela ipakiwe, waliokuwa vibarua wenzake, majirani wote, na mzee Salehe, aliyechimba kaburi hili tangu asubuhi na ambaye bado hajasema nasi, na hatumlaumu.

Kaka Hilario, ulitushukuru, na afadhali ungetugombeza. Pumzika kwa amani.