Mama Ngoja, Mshauri wa Waliotaka Kubadili Kozi

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika chuo chetu, Mama Ngoja, mshauri wa wanafunzi, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake la kwenye faili ni refu na zuri, lakini hata mkuu wa chuo hulisahau. Tunamwita kwa neno analomlaki nalo kila mwanafunzi anayeingia akihema kwamba lazima abadili kozi leo hii: "Ngoja kwanza." Watundu humjibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Naye huwavutia kiti na kusema, "Basi kaa, tumbo liumie ukiwa umekaa."

Aliajiriwa akiwa karani wa masjala, akapelekwa kusomea ushauri nasaha, na aliporudi akapewa chumba cha mwisho cha ukumbi mrefu. Hakuna aliyekigombea, maana dirisha lake linatazama karakana ya useremala. Asubuhi jua likipenya, vumbi la mbao huelea humo kana kwamba limesahau kuanguka. Nyuma ya ukuta, cherehani za darasa la ushonaji huvuma, hunyamaza, kisha huvuma tena. Ukikaa humo kitambo, unajiona kama uko nusu usingizini, na watu husema mambo ambayo hawakukusudia kuyasema.

Mama Ngoja husikiliza akiwa amefumba macho. Wiki yake ya kwanza hapa, mkuu wetu wa chuo alifungua mlango, akamwona hivyo mbele ya mwanafunzi anayelia, akakohoa kwa ukali. Mama Ngoja hakufumbua. "Karibu mkuu," alisema. "Kaa, tumefika pabaya." Mkuu akakaa mpaka mwisho, akatoka akijifuta macho kwa tai.

Kazi yenyewe haikuwa ya kubembeleza tu. Wanafunzi wetu wengi husomeshwa na serikali, na swali lililowaleta kwake lilikuwa moja: nikihama kozi, ada yangu itaendelea kulipwa? Mama Ngoja alilijibu kwa lugha ya nyumbani. Ukihama ndani ya mwaka wa kwanza, ada inakufuata. Ukishavuka mwaka huo, serikali haianzi upya kukulipia cheti kingine. Lakini ukimaliza cheti ulichoanza, ukaomba stashahada, mlango unafunguka tena. "Unalipiwa kupanda," alizoea kusema. "Hulipiwi kuhamahama."

Tukio ninalolikumbuka zaidi ni la binti mmoja wa mwaka wa pili, darasa la umeme wa majumbani. Alikuwa mtulivu, mwenye mikono ya haraka. Likizoni, bibi yake, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu wa miaka mingi, alijaribu miwani ya jirani kwa mzaha. Akamtazama mjukuu, akasema, "Kumbe umefanana na mama yako hivi!" Binti alirudi chuoni na jambo moja tu kichwani: atengeneze miwani. Alikuwa akiota vioo usiku, akiota bibi wengi wamejipanga, kila mmoja akishangaa uso wa mjukuu wake.

Mama Ngoja alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafumbua macho na kumwambia ukweli: mwaka wa kwanza umepita, na akihama sasa ada haitamfuata.

"Mama, wewe hujawahi kuota?" binti aliuliza kwa hasira.

"Naota sana, mwanangu. Kuota ni bure. Darasa ndilo lina ada."

Hata hivyo, kesho yake Mama Ngoja alivaa viatu vyake vizuri akaenda wizarani kuomba binti afikiriwe. Alishinda kutwa kwenye benchi. Alirudi jioni, viatu mkononi, akasema neno moja: "Wamekataa." Binti alipoambiwa, alichukua mkoba wake akaondoka. Wiki ile hakuonekana darasani, wala iliyofuata.

Ndipo Mama Ngoja akaniomba nimsindikize nyumbani kwao. Tulimkuta mama mzazi, dobi, akipiga pasi katikati ya mashuka yaliyoanikwa ua mzima; upepo ukivuma, ilikuwa kama tunazungumza ndani ya wingu. Binti alikuwa nyuma ya shuka mojawapo. Tuliona miguu yake tu.

"Nimemwambia maji ameshayavulia nguo, ayaoge," alisema dobi. "Hanisikii."

"Ayaoge, dada yangu," Mama Ngoja akajibu. "Lakini tumwonyeshe ng'ambo kuna nini."

Akaisemesha ile miguu. Alieleza kwamba kuna stashahada ya utengenezaji wa miwani, kwamba hesabu na fizikia za umeme zinakubaliwa katika kujiunga nayo, na kwamba akimaliza cheti chake serikali itamlipia tena, kwa kuwa atakuwa anapanda. "Mwaka mmoja wa nyaya, kisha vioo. Siahidi kwamba utaupenda huo mwaka." Shuka likapulizwa na upepo, na binti akabaki wazi mbele yetu, ameshika kibanio cha nguo, analia na kucheka kwa pamoja.

Alirudi. Hakuupenda ule mwaka, lakini alifaulu. Stashahada ililipiwa bila mvutano, na leo anapima macho na kukata vioo katika zahanati ya macho ng'ambo ya mji.

Ushindi ule haukumlewesha Mama Ngoja. Ulimkera. Kwa nini mtoto agundue anachokitaka baada ya mlango kufungwa? Alikisumbua kikao cha walimu mpaka kikakubali: tangu hapo kila mwanafunzi mpya hupitia karakana zote muhula wa kwanza, wakati bado anaweza kuhama bila kupoteza ada. Wageni huja kujifunza utaratibu huo kwetu. Yeye huwaonyesha njia, kisha hurudi dirishani.

Mwezi uliopita alituchekesha hadi tukashika mbavu. Anataka kusomea ufinyanzi, ngazi ya cheti. Akajiketisha kwenye kiti cha wageni, akajihoji, na kwa kuwa ameshawahi kusomeshwa na serikali hadi stashahada, akajikatalia. Atajilipia mwenyewe. Wafinyanzi wanamsubiri Jumatatu, na mwalimu wao, ambaye ni kijana, ameshaanza kuogopa.

Mama yetu, asante kwa subira na kwa ukweli usiouma zaidi ya inavyobidi. Gurudumu lako na lizunguke taratibu, asubuhi zako ziwe ndefu, na chungu cha kwanza kikipinda, tuletee sisi. Tutakinywea maji kwa fahari.