Pini Mdomoni: Maisha ya Mama Pindo

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa nne na binti pekee wa mwalimu wa hesabu na mkunga. Mimi ni kifungua mimba wake. Nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu wadogo zangu hawawezi kumaliza sentensi bila kulia.

Shule yake ya msingi ilikuwa ng'ambo ya barabara tu kutoka kwao, na bado alichelewa kila siku. Alihitimu chuo cha ushonaji mwaka 1977, na mwaka 1981 akafungua chumba chake cha kushonea sare za shule: cherehani nne na meza moja ya kukatia. Hakuwa mpole kazini. Mshono ukienda upande, aliufumua mbele ya aliyeushona.

Baba, fundi bomba, alimpata hapohapo. Alileta suruali moja kupunguzwa mara tatu, mpaka ikakaribia kuwa kaptula, ndipo mama akamwambia aseme shida yake hasa ni nini. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984.

Kama mafundi wengi, mama alizoea kubana pini midomoni huku akitoa maagizo. Maneno yalitoka yamevurugika, na wenzake walishajua kuyafasiri. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 3 Juni 2019, alipoanza kumumunya maneno, hakuna aliyeinua kichwa. Mkasi ulipomponyoka, walidhani amechoka. Baba alipompitia alasiri, aliona pini zote zimechomekwa kwenye kimto chake, na bado maneno yalitoka yamevurugika.

"Mama watoto, hebu tabasamu," alimwambia. Mdomo ukapanda upande mmoja tu. Akamwomba ainue mikono yote miwili, na wa kulia ukashuka wenyewe.

Kilikuwa kiharusi. Daktari alieleza kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa katika saa chache za mwanzo, nazo zilikuwa zimeshapita pale kwenye meza ya kukatia. Ilituuma, na bado inatuuma.

Mkono ule haukupata nguvu tena, lakini ulimi ulirudi polepole. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupiga marufuku pini mdomoni. "Nataka nisikie kila mtu anavyoongea," alisema. Akatuhubiria mpaka tukamchoka: mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika ghafla, hata dalili moja tu, hata ikipita yenyewe, ni hospitali mara moja.

Tarehe 21 Februari mwaka huu kiharusi kilirudi. Safari hii hatukuchelewa, ila kilikuwa cha kuvuja damu ubongoni, na madaktari hawakuweza kumwokoa. Alifariki tarehe 24.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na kaka mmoja. Ameacha pia mshona vifungo wake wa miaka mingi. Mwaka jana mume wa dada huyu aliangusha kikombe akinywa chai, ulimi ukawa mzito, akasema ajilaze kidogo itapita. Mkewe alikataa katakata, akampeleka hospitali moja kwa moja, na dawa ikamkuta ndani ya muda. Bwana huyo yupo hapa. Ni mmoja wa wanaume sita waliombeba mama kutoka nyumbani leo.

Mama, kazi yako tumeiona. Pumzika kwa amani.