Mikono ya Mama Taratibu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya fiziotherapia, Mama Taratibu anastaafu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wagonjwa, kwa sababu ndilo neno la kwanza walilolisikia kila walipolala kwenye kitanda chake.

Alianza kazi wakati chumba chetu kilikuwa stoo yenye kitanda kimoja kilicholia kila mgonjwa alipogeuka. Siku hizo wengi waliamini kwamba kukandwa bila machozi si tiba. Yeye alikataa katakata. Alichovya mikono kwenye beseni la maji ya moto, akaikausha, akaiweka mgongoni na kutulia, mpaka ule utando unaofunika misuli ulegee wenyewe chini ya viganja. Hakuanzia panapouma hata siku moja. Mgonjwa akilalamika kwamba tatizo ni bega, mbona anahangaika na mbavu, alimjibu asiwe na wasiwasi, bega halina pa kukimbilia.

Fundi cherehani mmoja aliletwa na mumewe, hawezi kuinua mkono hata kuchana nywele. Alikuwa ameshaanza kutafuta mtu wa kumuuzia cherehani. Mama alimshughulikia wiki nyingi, bila papara. Siku moja alimwona anajikuna kisogo bila kujijua, akaangua kicheko. Fundi alipogundua kinachochekwa, akalia. Gauni alilovaa Mama leo limeshonwa kwa cherehani ile ile.

Kumsalimia kulikuwa na gharama zake. Ukimpa mkono hakuurudisha mapema. Kidole gumba kilishapanda hadi kwenye kiwiko kutafuta fundo. Kuna kikao ambacho mkuu wa idara alikuwa akihutubia, Mama akapita nyuma yake na kumbonyeza bega. Hotuba ilikatikia hapo hapo, na sote tukarudi kazini tukiwa na shukrani.

Kwake, cheti cha kazi nzuri kilikuwa mgonjwa kukoroma. Akimsikia mtu anakoroma, alitutazama kwa majivuno ya waziwazi.

Mwaka huu hakuwa na raha. Vidole gumba vilichoka, akawa anatumia viwiko, na chupa ya mafuta akatuomba tumfungulie. Lakini kilichomkosesha amani hakikuwa vidole. Alituambia bila kuficha kwamba ana shaka na mikono yetu. Tuna haraka mno, alisema, na akiondoka chumba kitarudi kwenye zama za kubonyeza watu mpaka walie. Tuliumia, ingawa hakuwa amekosea.

Wiki iliyopita alimhudumia mgonjwa wake wa mwisho, akavua koti, akapanda kitandani mwenyewe na kutuagiza tumtibu mgongo. Kazi ikaniangukia mimi. Nikachovya mikono. Akanikosoa kwamba maji yamepoa, kwamba nishushe kwanza mabega yangu mwenyewe, akaniuliza huko ninakokimbilia kuna nini. Nikaacha kukimbia. Nikaweka viganja, nikasubiri. Baada ya muda hakusema tena, nami nikajua nimeharibu. Nikawageukia wenzangu, nikakuta wamejiziba midomo kwa kicheko. Mama Taratibu alikuwa anakoroma.

Mama, asante kwa migongo yote uliyoinyoosha, na kwa mikono yetu uliyoifundisha kutulia. Chumba tumekipokea. Nenda ukapumzishe vidole, na maisha yaliyo mbele yako yawe marefu na mema, uyaishi taratibu.