Namba Kumi Aliyejifunza Kurudi Nyuma

Baada ya misimu kumi na minne katika klabu hii, kiungo wetu mshambuliaji, Fundi, anatundika daluga rasmi Jumamosi hii, tarehe 30 Juni. Mimi ni kiungo mkabaji, na nimecheza nyuma yake karibu muda wote huo. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu hakuna anayeujua mgongo wake kunishinda.

Jina la Fundi limetokana na mama yake, mshonaji. Mpira alijifunzia katika chumba cha cherehani, akipiga chenga kati ya meza ya kukatia na magauni ya wateja yaliyoning'inizwa. Akigusa gauni, kofi. Ndiyo maana mabeki watatu wakimbana kwenye kona, alitoka na mpira bila kukunja hata kola. Pasi zake zilipita mahali ambapo sisi wengine tuliona miguu tu.

Kukaba, hata hivyo, aliona ni kazi ya ukoo mwingine. Mpira ukipotea, alishika kiuno akanitazama kama mtu aliyeagiza chai ikachelewa. Mpira wa kichwa hakuupiga kamwe, asije akaharibu nywele. Daktari wa timu aliwahi kutamka kwamba mapafu yake bado mapya kabisa.

Kisha ikaja mechi ya mwisho ya msimu wake wa kumi na mbili, ambayo ilikuwa lazima tushinde tusishuke daraja. Dakika ya themanini na nane, bila bila, tukapata penalti. Mpigaji aliyepangwa alikuwa winga wa kushoto. Fundi akamnyang'anya mpira, akaubusu, akaudokoa taratibu katikati ya goli. Kipa hakusogea hata hatua. Aliupokea kama anayepokea kitoto kichanga. Tukashuka.

Klabu mbili za ligi kuu zilimpigia siku ileile, naye akafunga begi. Alipomweleza mama yake kwa simu, chumba kizima cha kubadilishia nguo kilisikia jibu, maana mama yule amezoea kuongea kuishinda cherehani: "Umeharibu, kaa urekebishe! Kwangu usije na hilo begi."

Akakaa. Misimu miwili ya viwanja vyenye mashimo na mabafu yasiyo na maji. Akiwa na miaka thelathini na minne, Fundi akaanza kukaba. Alikaba vibaya, nisifiche: kadi tano za njano katika mechi saba, moja kwa kumvuta jezi refa. Lakini alirudi nyuma. Katika mechi iliyotupandisha tena, alimfukuza mshambuliaji wao mita sitini, akauokoa mpira kwenye mstari kwa kichwa. Kinyozi wake, aliyekuwa jukwaani, aliinuka akaondoka. Filimbi ilipolia, Fundi alimwendea yule winga, akamwomba radhi mbele ya mashabiki wote. Ilikuwa imechelewa miaka miwili, ila aliomba.

Fundi, asante kwa mabao sitini na moja, na kwa kunikuzia mapaja. Tunakutakia mapumziko mema. Ni kazi ambayo tayari una uzoefu nayo wa miaka kumi na miwili.