Bi Mwanakheir Jaku na Barua Aliyoisoma Mwenyewe

Kwa ruhusa ya Bwana Sheha na masheikh mliotusomea hitima, mimi Msabah Jaku, mdogo wake marehemu, nimepewa na wanawe kazi ya kukusomeeni maisha ya dada yangu, nami naiona nzito kwa sababu mtakayoisikia.

Bi Mwanakheir alizaliwa Mkokotoni tarehe 12 Machi 1971, akasoma skuli hapo hapo hadi 1985, kisha mjini, ambako macho yake yalianza kufifia, akawa, kama alivyopenda kusema, anaitazama dunia kutoka ndani ya chandarua, watu wakipita weupe, taratibu, sauti zao zikitangulia. Mwaka 1991 aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika ofisi moja ya Mji Mkongwe, na tarehe 4 Juni 1996 akaolewa na Ayoub Bakar, wakajaaliwa watoto wawili, Tahiya na Ahmada, kabla Ayoub hajatangulia mbele ya haki mwaka 2006.

Septemba 2009 aliomba mafunzo ya mwaka mmoja Dar es Salaam, ya kuwafundisha wenye uoni hafifu kutumia kompyuta, na jibu lilipokuja kwa barua pepe nilimsomea mimi, nikamwambia wamemkataa. Haikuwa kweli. Nilimwogopea barabara za kule, na nilijiogopea mwenyewe pia, kwani nilishazoea kuhitajiwa. Akasema alhamdulillahi, akaenda kupika.

Mwaka 2016 lilifunguliwa darasa Jang'ombe, akajifunza kuukuza ukurasa wa mtandao mpaka neno moja lijae kioo kizima, herufi nyeupe juu ya weusi, akasema ni kama kuota, maneno yanamjia moja moja kutoka gizani na kusimama mpaka ayatambue. Katika kutangatanga huko akafika kwenye barua pepe zake za zamani, mpaka lile jibu la Dar es Salaam, na neno lililojaa kioo likawa "Tunafurahi".

Siku ya tatu aliniita. "Msabah, nshaisoma," alinambia, "sasa kaa nikusomee." Akanisomea yote, neno kwa neno, karibu saa nzima, mimi nikilia tangu mstari wa pili, naye haharakishi. Toka mwaka uliofuata akafundisha darasa hilo hilo, wanafunzi sitini na tatu, baadhi yao mmekaa nasi hapa.

Kisukari kilimshika figo mwaka 2024, akafariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, baada ya adhuhuri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Jang'ombe mliopika na kulala nasi, na walimu wenzake.

Historia hii niliiandika yeye yu hai, nikaweka kwamba hakubahatika kupata mafunzo yale ya Dar es Salaam, akaikuza, akayatafuta maneno hayo, akayafuta, na mahali pake akaandika: "Nilikubaliwa, na Msabah ndiye atakayewaambia watu, halafu naye apumzike."

Nimewaambia, dada yangu. Pumzika kwa amani.